Harvard iliyoko Wilson: irushwe au isimame?

Kisa hiki tumekiunda ili kichambuliwe hadi mwisho bila kumfichua mtu. Mwenye ndege na fundi wake ni wa mfano, na ndege pia. Vipimo, taratibu, historia na ajali zinazotajwa ni za kweli.

Ndege ni Harvard IIB, ya kufundishia marubani, ile iliyoundwa na kampuni ya Noorduyn huko Canada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Imewekwa kwenye hanga Uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwenyewe ni mzee mfanyabiashara aliyezaliwa karibu na Mweiga, Nyeri. Aliinunua ng'ambo baada ya kuona kwenye daftari la kumbukumbu za ndege hiyo kwamba mwaka 1953 ilikuwa chini ya kikosi cha Uingereza kilichoitwa Flight 1340. Hicho ndicho kikosi kilichotumia Harvard dhidi ya Mau Mau, zikiwa na bunduki za rashasha na mabomu ya ratili 20, ambayo ni takriban kilo 9 kila moja. Mabomu makubwa yaliangushwa na ndege za Lincoln kutoka Eastleigh, uwanja ambao leo ni kambi ya wanahewa ya Moi.

Injini imeshafunguliwa na kufungwa upya kikamilifu. Kiwiliwili kimenyooshwa, nyaya zimebadilishwa, na vitambaa vya usukani wa mkia na vya mabawa madogo ya kuongozea vimeshonwa upya. Kilichobaki ni mabawa mawili ya nje. Hayo hayajaguswa. Rangi juu yake ni ya tabaka tatu au nne, na upande wa chini yapo mashimo yaliyofungia vishikizo vya mabomu, yakiwa yamezibwa kwa viraka vya alumini na riveti ambazo hazikupangwa kwa mstari mmoja. Ukipitisha kidole unazihisi, moja imepanda, nyingine imezama, kama mtu alizigonga kwa haraka jioni.

Mzee anataka ndege ipae. Fundi wake mkuu, mama mwenye leseni na uzoefu mrefu wa injini za pistoni, anasita.

"Binti yangu," mzee anamwambia, "ndege isiyoruka ni bati tu. Nilikuwa mtoto, hii kitu ikipita juu yetu tunalala kifudifudi kwenye shamba la mahindi. Nataka kuiona ikipita, na anayeiendesha awe mtoto wa hapa."

"Nimekuelewa, mzee," anajibu. "Lakini nikiifanya iruke, itakayopaa haitakuwa ile iliyopita juu yenu."

Hoja ya mzee ni nzito, na haijibiwi kwa kumwambia kuna makumbusho. Tuanze na chuma.

Kiungo cha bawa

Bawa la nje la Harvard hushikwa kwenye kipande cha katikati kwa safu ndefu ya bolti zinazozunguka shina lote la bawa, juu na chini. Bolti hizo hupita kwenye pembe za alumini, yaani vipande vyenye umbo la L, zilizoshikishwa kwa riveti kwenye bawa lenyewe, na ukanda mwembamba wa bati hufunika kiungo kizima. Ukitazama kwa nje huoni chochote. Mzigo wote wa bawa hupita hapo.

Mwaka 2005, huko Florida, bawa la T-6, jina ambalo Wamarekani waliipa ndege hiyohiyo, lilikatika angani. Ufa wa uchovu wa chuma ulikuwa umeanzia kwenye pembe ya chini ya kiungo. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo namba 2005-12-51: pembe zote za viungo, za ndani na za nje, za juu na za chini, mabawa yote mawili, zikaguliwe kwa rangi ya kung'aa inayopenya kwenye nyufa, na ukaguzi urudiwe kila baada ya saa 200 za kuruka.

Ukaguzi wenyewe unaenda hivi. Toa ukanda wa kufunika. Vua rangi kwa dawa ya kuyeyusha, usitumie msasa wala brashi ya waya, kwa sababu alumini ni laini na msasa huusukuma mdomo wa ufa ukajifunga. Safisha mafuta yote. Paka kimiminika cha kupenya, kiache kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo yake, kwa kawaida kati ya dakika 10 na 30, na ukumbuke kwamba asubuhi za Julai za Nairobi zina baridi na baridi huchelewesha kupenya. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu. Ukimwagia kiyeyusho moja kwa moja unaosha hata kilichoingia ndani ya ufa. Nyunyiza poda ya kufichulia, zima taa za hanga, funika madirisha, kisha pitisha taa ya urujuanimno. Ufa huonekana kama uzi wa kijani kibichi unaong'aa. Ukiona uzi, bawa halirudi angani na pembe ile.

Kwenye ndege yetu, pembe ya chini ya bawa la kushoto haikuhitaji hata taa. Chini ya ukanda palikuwa na unga wa kijivu, na chuma kilikuwa kimevimba kwa matabaka kama kitumbua kilichokaa kwenye mafuta ya baridi. Hiyo ni kutu inayokula kati ya chembe za alumini, na haitibiki kwa kukwangua. Dawa yake ni kutoboa riveti zote, kuitoa pembe nzima na kuweka mpya.

Hadi hapo mtu angesema sawa, pembe ni kipande kimoja, na vipuri vinapatikana. Tatizo liko mbele kidogo, chini ya vile viraka. Vishikizo vya mabomu vilikuwa vya chuma cha pua, ngozi ya bawa ni alumini, na metali mbili tofauti zikikutana pamoja na unyevu mojawapo huliwa. Huliwa ile iliyo dhaifu, yaani bawa. Kutu iko chini ya kila kiraka. Hakuna mkaguzi makini atakayeweka sahihi bila vipande hivyo vya ngozi kukatwa na kubadilishwa, na sahihi ya namna hiyo ndiyo ambayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, itataka kuiona kabla ya kutoa kibali chochote cha kuruka.

Kwa maneno mengine, ili ndege hii iruke salama, mashimo ya mabomu lazima yatupwe. Na kati ya vitu vyote vilivyomo ndani yake, mashimo hayo ndiyo pekee yanayothibitisha ilifanya nini juu ya Nyandarua.

Sheria haitasaidia sana kuyalinda. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kitu kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Harvard ya miaka ya 1940 haimo, mpaka itangazwe rasmi kuwa kitu kinacholindwa. Kwa sasa ulinzi wake ni uamuzi wa mzee na mkono wa fundi.

Oili kwenye silinda za chini

Injini ni Pratt & Whitney R-1340 Wasp, silinda tisa zilizopangwa duara, nguvu za farasi 600 wakati wa kuruka, mizunguko 2,250 kwa dakika. Zilitengenezwa zaidi ya 34,000, kwa hiyo vipuri bado vipo na injini si sababu ya kukataa. Lakini ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi na watu wenye nia njema.

Injini ikikaa, oili hujipenyeza polepole na kushuka hadi silinda za chini, namba 5 na namba 6. Oili haibanwi kama hewa. Ukipiga stata, pistoni inapanda, inakuta oili, haina pa kwenda, na konrodi, fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Ubaya ni kwamba mara nyingi injini itawaka tu. Itanguruma vizuri siku hiyo na siku ya pili. Konrodi iliyopinda hukatika baadaye, pengine baada ya saa nyingi, na pengine ndege ikiwa juu ya nyumba za watu.

Kwa hiyo kabla ya kila kuwasha, swichi za magneto, vifaa vinavyotoa cheche za kuwashia injini, zikiwa zimezimwa na kabureta imekatiwa petroli, mapanga ya rafadha (propela) yasukumwe kwa mkono angalau mara nane, mfululizo, kwa mwelekeo wa kawaida wa injini. Mtu asisimame ndani ya duara la rafadha hata kama swichi zimezimwa, kwa sababu waya wa kuzimia magneto ukikatika magneto inabaki hai. Panga likigoma, acha. Usilazimishe, na usirudishe nyuma, kwa maana oili itasukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa na kurudi silindani injini ikiwaka. Toa plagi moja ya kila silinda ya chini, weka sufuria, acha oili imwagike yote, zungusha tena hadi iwe nyepesi, ndipo ufunge plagi.

Baada ya kuwaka, jicho moja libaki kwenye geji ya oili. Presha isipopanda ndani ya sekunde 30, zima. Usiongeze mizunguko kabla oili haijafika nyuzi 40 za Selsiasi. Iendeshe ndege ikitazama upepo, kwa sababu ikiwa imesimama chini hakuna hewa ya mwendo ya kupoza silinda za nyuma ya rafadha.

Wilson na urefu wake

Uwanja wa Wilson uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri yenye nyuzi 27, hewa ni nyepesi kana kwamba ndege iko karibu futi 8,200. Wasp hutoa nguvu zake 600 karibu na usawa wa bahari kwa inchi 36 za shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, na nguvu zake za kuendeshwa mfululizo ni 550 kwa futi 5,000. Rubani wa Wilson akisukuma mkono wa gesi hadi mwisho, inchi 36 hataziona. Mwendo wa kweli wa kuinuka nao unapanda kwa karibu asilimia 13, hata kama geji inasoma namba ileile, na umbali wa kukimbia ardhini unaongezeka kwa zaidi ya theluthi.

Njia za kurukia za Wilson, kila moja karibu mita 1,500, bado zinatosha. Swali ni injini ikikata ndege ikiwa futi 300. Harvard bila injini hushuka kwa kasi, na kujaribu kugeuka kurudi uwanjani kumeua marubani wengi wa kila aina ya ndege. Lazima iende mbele. Ukielekea kaskazini magharibi mbele yako ni Kibera. Ukielekea mashariki ni Nairobi West na South C. Ni njia ya 14, inayoelekea kusini mashariki, peke yake inayokupeleka upande wa Mbuga ya Taifa. Majaribio yoyote yangelazimika kutumia njia hiyo tu, asubuhi mapema kabla joto halijapanda, tangi zikiwa nusu badala ya lita 416 kamili, na kiti cha nyuma kitupu.

Kuna wanaopendekeza ipelekwe Pwani kwa lori, ijaribiwe karibu na usawa wa bahari. Hesabu za nguvu zinawaunga mkono, lakini hewa ya chumvi kwenye alumini yenye kutu ya ndani ni sawa na kumwagia petroli moto unaofuka.

Rubani naye si wa kuokota. Ndege za gurudumu la nyuma zipo Nairobi. Za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, zinatua kwenye viwanja vya vumbi kila siku. Ujuzi huo ni mwanzo mzuri. Hata hivyo Harvard ina uzito wa karibu kilo 1,900 ikiwa tupu, uzito mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa, na ikishaanza kupinda wakati wa kutua mkia hutaka kutangulia. Rubani angehitaji kufundishwa kwenye Harvard nyingine, na mwalimu, kabla ya kukaribia hii.

Waliojaribu kabla

Kisa kinachofanana zaidi na hiki ni cha ndege ya kivita ya Kijerumani, Messerschmitt Bf 109 iitwayo Black 6. Ilitekwa Libya mwezi Novemba 1942. Kuanzia 1972 watu waliifanyia kazi kwa mikono yao hadi iliporuka tena tarehe 17 Machi 1991. Ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, na kibali kilikuwa cha muda: iruke miaka michache, kisha iingie makumbusho. Tarehe 12 Oktoba 1997, kwenye onyesho lililopangwa kuwa la mwisho, injini ilileta hitilafu kwenye uwanja wa Duxford, Uingereza, ndege ikatua shambani ng'ambo ya barabara kuu na kupinduka. Rubani alipona. Ndege ilitengenezwa tena kwa ajili ya kutazamwa tu.

Tunairudia tarehe hiyo kwa watu wanaosema "turushe mara chache tu, halafu tuipumzishe." Hitilafu haijui kwamba safari hii ni ya mwisho.

Shoreham, Uingereza, Agosti 2015: ndege ya Hunter, aina iliyowahi kutumiwa pia na Jeshi la Wanahewa la Kenya, ilianguka barabarani wakati wa maonyesho na kuua watu 11. Wote walikuwa ardhini. Anayejua msongamano wa Lang'ata Road saa kumi na moja jioni hahitaji maelezo zaidi. Na Oktoba 2019, huko Connecticut, Marekani, ndege ya mabomu ya zamani, B-17 iitwayo Nine-O-Nine, ilianguka ikiwa imebeba abiria, wakafa watu 7. Wachunguzi walikuta kasoro za magneto na matunzo yaliyolegea. Magneto ni kifaa ambacho fundi hodari hukiona na kukirekebisha mezani, na ndiyo maana ajali ile inauma.

Upande wa pili pia una ushahidi. Huko East Kirkby, Uingereza, ndege ya mabomu ya zamani, Lancaster iitwayo Just Jane, huwashwa injini zake nne na kutembezwa uwanjani mbele ya watu bila kupaa, na watu husafiri kwenda kuisikia. Zipo pia Harvard na T-6 nyingi zinazoruka hadi leo, kwa sababu ziliundwa zaidi ya 15,000 kwa jumla, na kazi yake ya kufundisha marubani ziliifanya kwa miongo mingi. Sisi si wapinzani wa kurusha ndege za zamani. Ndege inayoruka hulazimisha ujuzi ubaki hai mikononi mwa watu, na fundi aliyesoma Wasp kwenye picha si sawa na aliyeikung'uta oili.

Sauti na mashimo

Mzee anakumbuka sauti. Hapo ndipo kisa kinapofunguka, kwa maana sauti ya Harvard ina chanzo kinachopimika. Rafadha ina kipenyo cha karibu mita 2.74 na injini haina gia kati yake na rafadha. Kwa mizunguko 2,250 kwa dakika, ncha za mapanga hukimbia karibu mita 323 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe hewani hukimbia karibu mita 343. Mlio ule wa kukwaruza unaotangulia ndege unatoka kwenye ncha hizo. Hautoki kwenye bawa lenye viraka, wala kwenye namba iliyoandikwa ubavuni.

Harvard yoyote yenye rafadha hiyo italia hivyohivyo. Mashimo yapo kwenye hii tu.

Kwa hiyo uamuzi wetu kwa kisa hiki ni kwamba ndege hii isirushwe. Mzee anunue Harvard ya pili iliyo hai, isiyo na historia ya hapa, yenye ukaguzi wa viungo vya mabawa uliofanywa na kuandikwa. Hiyo ndiyo ipite juu ya Mweiga na rubani Mkenya ndani yake, na ikibidi kubadilishwa bawa lote, libadilishwe bila majuto. Najua gharama ni kubwa. Injini pekee hunywa takriban lita 115 za petroli ya ndege kwa saa, na oili lita moja au mbili juu yake. Lakini fedha za kukata ngozi, kuunda pembe, kuajiri mkaguzi na kufanya majaribio kwenye ndege ya kwanza nazo zingekuwa kubwa, na mwisho wake ungebaki na ndege ya kawaida yenye kibati cha zamani. Duniani zimejaa ndege za namna hiyo: chuma kipya kote, kibati cha namba cha zamani, na maonyesho yanaziita za asili.

Tunamwelewa mzee anaposema anataka kuichukua ile ile, si mfano wake. Kuna haki ndani ya neno hilo ambayo hesabu haiigusi. Tunachoweza kumwonyesha ni kwamba ile ile haiwezi kupaa. Ya kwanza kuondoka ingekuwa sehemu ambayo wazazi wake waliitazama kutoka chini.

Kazi iliyobaki kwenye ndege ya kwanza

Viraka visitolewe. Kutu ya nje isafishwe kwa brashi laini na isimamishwe kwa nta ya kuzuia kutu inayoweza kuondolewa, isiwe rangi. Kila kiraka kipigwe picha mwanga ukitoka pembeni ili mabonde ya riveti yaonekane, na mashimo yachorwe kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya plastiki. Pembe iliyooza ibaki mahali pake. Mabawa yafungwe kwa bolti mpya zisizobeba mzigo wa anga, na kitambulisho chekundu kiwekwe kwenye chumba cha rubani: ISIRUSHWE. Bolti za zamani zitiwe mifukoni, kila moja na namba ya tundu lake, na mifuko isiondoke kwenye hanga. Alumini isiyo na alama huishia kwa mwenye mizani ya chuma chakavu, kesho yake ni sufuria.

Injini inaweza kuwashwa chini mara chache kwa mwaka, mkia ukiwa umefungwa na vizuizi magurudumuni. Ikiwashwa, iwashwe kweli: oili ifike nyuzi 75 na ikae hapo dakika 20, maana kuwasha kwa dakika tano huacha maji na asidi ndani na kuozesha zaidi ya kutowasha kabisa. Kati ya siku hizo silinda zipuliziwe oili ya kuhifadhia, na mahali pa plagi pawekwe zile plagi zenye chembe za kunyonya unyevu. Chembe zikiwa za buluu, ndani ni pakavu. Zikigeuka pinki, zibadilishwe siku hiyohiyo.